Tutoe Windows tuweke Linux? Hasara za kupima kabla ya kura

(Maneno ya kamati ya biro mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu.)

Kwa kawaida katika mkutano huu tunaongea juu ya mashamba, minervali ya watoto, ugonjwa na matanga. Leo tunaongea juu ya kompyuta. Mutaona kwamba ni mambo yaleyale, sababu majina yenu, michango yenu na kesi zenu siku hizi zimewekwa ndani ya mashine hizo.

Kuko vijana wameleta pendekezo: tutoe Windows katika kompyuta za biro, tuweke Linux, ambayo haina malipo. Kuko wengine wanajibu: "Hii mashine iko inatembea muzuri, sababu gani munataka kuigusa?" Mkutano uliopita ulituomba tusome jambo hili na kuleta hesabu. Bon, tumelisoma.

Faida za Linux mumekwisha kuzisikia, sababu wanaoipenda wanazisema kwa sauti. Ni bure, haili mashine sana, virusi vingi vya Windows haviiwezi. Yote hayo ni kweli. Lakini hasara hazisemwi kwa sauti hiyohiyo. Kwa hiyo leo tutakaa zaidi kwenye hasara. Si kwamba tunakataa pendekezo. Ni kwamba hasara ikitokea, atakayeilipa si kijana aliyeleta pendekezo wala sisi wa kamati. Ni mama mjane anayekuja biro kuomba msaada wa matanga, akaambiwa: "Mama, rudi wiki ijayo, faili haifunguki."

Jambo lenyewe ni nini

Kwa wale ambao hawatumii kompyuta, tuseme kwa kifupi. Ndani ya kila kompyuta kuko programu moja kubwa inayoongoza zingine zote. Hiyo ndiyo inayoamsha mashine asubuhi, inayosoma klavye, inayopeleka karatasi kwenye printa, inayoruhusu Word au Excel kufanya kazi. Wataalamu wanaiita mfumo endeshi. Hapa kwetu watu wanasema tu sisteme. Windows ya kampuni ya Microsoft ni sisteme moja. Linux ni nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi kule Helsinki, Finland, na tangu hapo inaendelezwa na watu na makampuni ya nchi nyingi. Iko katika sura nyingi. Ile ambayo vijana wetu wanapendekeza inaitwa Linux Mint, sababu meza yake ya kazi inafanana na Windows tuliyoizoea.

Sasa, kwa nini tunaulizana leo? Kompyuta zote sita za biro ziko na Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama bila malipo. Kumekuwa uvumi kwamba mashine zitazima zenyewe. Hapana, hazizimi. Zinaendelea kama kawaida, lakini kila tundu jipya litakaloonekana ndani ya Windows 10 litabaki wazi, na wezi wa intaneti watalijua.

Mtu atasema: basi tupande kwenye Windows 11. Windows 11 iko na masharti. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kama moyo wa mashine ni wa Intel, inataka kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Katika mashine zetu sita, moja tu inapita. Zile tano tulizipata zikiwa zimekwisha kutumika, na ni za kabla ya hapo.

Mwingine atasema: tulipe masasisho ya ziada. Kwa mashirika, Microsoft ilitangaza bei ya dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, kisha inaongezeka mara mbili kila mwaka, kwa miaka mitatu. Hesabu ni 61, halafu 122, halafu 244. Jumla dola 427 kwa kompyuta moja. Kwa kompyuta tano ni dola 2,135. Mbele yenu hatuna haja ya kueleza pesa hiyo ingezika watu wangapi na kulipia watoto wangapi.

Kubaki bila kufanya kitu nako kuko na hasara yake, na hatutaki kuificha. Munajua ile virusi ya flashi: mtu anachomeka flashi, anakuta mafolda yake yote yamefichwa na mahali pake kuko vialama vya njia ya mkato tu. Hiyo inaudhi, lakini fundi anaitoa. Kubwa kuliko hiyo ni orodha yetu. Ndani yake kuko jina la kila mwanachama, namba ya simu, idadi ya watoto, namba ya karatasi ya HCR, na kwa wale wenye kesi ya shamba, kuko jina la mtu anayelima shamba hilo leo. Orodha kama hiyo ikitoka biro na kuingia katika mikono mibaya, kuko watu wanaweza kupata shida kubwa. Kwa hiyo kukaa kimya nako ni kuchagua.

Hasara ya kwanza: faili

Tukiweka Linux, hatutakuwa tena na Word na Excel zenyewe. Tutatumia LibreOffice, ambayo nayo ni bure. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel, na inaweza kuzihifadhi kwa namna hiyohiyo. Barua ya kawaida inafunguka vizuri. Orodha ya kawaida yenye kujumlisha na kutoa, nayo vizuri.

Shida inaanza pale faili inapokuwa na ufundi ndani. Daftari letu la michango lilitengenezwa katika Excel, na liko na vibonye: unabonyeza kimoja, linatafuta mwanachama, unabonyeza kingine, linatoa risiti. Nyuma ya vibonye hivyo kuko amri ndogo zinazoitwa makro, zilizoandikwa kwa lugha ya Microsoft. LibreOffice inaelewa baadhi ya amri hizo, si zote. Maana yake ni kwamba michango itaonekana, jumla zitaonekana, lakini kibonye cha risiti kinaweza kukaa kimya. Itabidi mtu akae chini ayaandike upya, na kazi hiyo haimaliziki kwa siku mbili.

Kuko pia sura ya maandishi. Ripoti zetu nyingi zimeandikwa kwa herufi za Calibri, ambazo ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. Mahali pake inawekwa Carlito, ambayo upana wake umepimwa ili ulingane, na kwa hiyo mistari haihami sana. Lakini ikikosekana hata hiyo, ripoti ya kurasa 12 inakuwa 14, meza inakatika katikati, na mfadhili anafikiri tumeandika bila uangalifu.

Na fomu za wafadhili wenyewe. Ndugu wafadhili, hili linawahusu. Fomu nyingi za bajeti munazotutumia ni za Excel, zimefungwa na kufuli, ziko na orodha za kuchagua, na zingine ziko na makro. Sisi hatuwezi kuzibadilisha. Ikiwa fomu moja haifunguki sawasawa siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, tunaweza kukosa mradi wa mwaka mzima.

Hasara ya pili: programu ya hesabu

Kongo iko katika OHADA tangu mwaka 2012, na tangu tarehe 1 Januari 2024 mashirika yasiyotafuta faida katika nchi za OHADA yako na kanuni zao za hesabu, zinaitwa SYCEBNL. Kontable wetu anafanya hesabu katika programu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake. Iko njia ya kuendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, kwa chombo kinachoitwa Wine. Zingine zinatembea, zingine zinatembea nusu, zingine zinakataa. Hatuwezi kuweka hesabu za chama juu ya kitu kinachotembea nusu. Msimamizi wa hesabu akija kukagua, hataki kusikia habari za sisteme. Anataka kuona kwamba franga iliyoingia na franga iliyotoka zinalingana.

Hasara ya tatu: vifaa

Printa, skana, modemu za intaneti: kila kimoja kinahitaji programu ndogo ya kukitambulisha kwa sisteme. Kwa Windows, mwenye kutengeneza kifaa ndiye anayeitoa. Kwa Linux, vifaa vingi vinatambulika vyenyewe, lakini kuko printa za bei ndogo ambazo mtengenezaji hakuzifikiria kabisa. Kuko pia laptopu ambazo, ukifunga kifuniko chini ya Linux, hazilali vizuri. Zinaendelea kula betri polepole. Kwa mtu wa mji wenye umeme wa saa zote ni jambo dogo. Kwetu sisi tunaotegemea pano ya sola, kukuta betri imeisha asubuhi yenye mawingu ni siku nzima ya kazi imepotea.

Na klavye. Mashine zetu tatu ziko na klavye ya Kifaransa, zenye herufi A-Z-E-R-T-Y juu. Tatu zilitoka upande wa Tanzania, ziko na Q-W-E-R-T-Y. Wakati wa kuweka sisteme mpya lazima uchague klavye. Ukichagua isiyo yake, neno la siri uliloandika si lile ulilofikiri, na kesho mlango haufunguki. Inaonekana ni kitu cha kuchekesha mpaka siku inapokupata.

Lakini hapa kuko habari njema. Linux Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu ndani ya mashine. Unaijaribu: printa inajibu? Intaneti inaingia? Sauti iko? Ukimaliza unazima, unatoa flashi, Windows yako iko palepale. Hasara hii ya tatu, basi, inaweza kujulikana mapema, bila kuumia.

Hasara ya nne: mega

Sisi hapa tunapeana programu mkono kwa mkono. Mtu yuko nayo katika flashi, anakupa, unaiweka, umemaliza. Hiyo ni desturi ya Windows. Linux imejengwa kwa namna nyingine: programu zinatolewa kwenye ghala moja la intaneti, na sisteme inajua kuzichukua yenyewe pamoja na kila kitu kinachohitajika. Kwa usalama ni vizuri zaidi, sababu huchukui programu kwa mtu usiyemjua. Lakini inadai mega. Faili ya kuweka Linux Mint peke yake ni karibu giga 3, halafu yanakuja masasisho. Tunaponunua mega kwa simu, tunajua kila giga inauma namna gani.

Kuko dawa yake: mashine moja inashusha, zingine tano zinachukua kutoka kwake. Lakini dawa hiyo inataka mtu anayeijua.

Hasara ya tano: fundi na vijana

Leo kompyuta ikikwama, unaipeleka kwa fundi pale sokoni. Anajua Windows kama anavyojua kiganja chake. Umpelekee yenye Linux, wengi watakufanyia jambo moja: wataifuta yote na kuweka Windows ya wizi, na kukulipisha kwa kazi nzuri waliyofanya. Faili zako zimeenda. Kwa hiyo tukibadilisha, lazima tukubali kwamba fundi wa sokoni si wetu tena, mpaka watu wetu wenyewe wajue kazi.

Tena kuko vijana wanaojifunza katika chumba chetu. Mashirika yanayotafuta wafanyakazi hapa yanaandika wazi katika tangazo: ajue Word na Excel. Mama mmoja alituuliza katika mkutano wa kata: "Mutoto wangu akijifunza hiyo yenu mupya, nani atamupa kazi?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba anayejua kujumlisha safu katika LibreOffice hahitaji muda mrefu kujua kufanya vile katika Excel, sababu mawazo ni yaleyale. Lakini siku ya mtihani wa kazi hakuna muda mrefu. Hatuwezi kuwatoa vijana kabisa kwenye Excel.

Hasara ya sita: mtu mmoja

Hii ndiyo tunaiona kubwa kuliko zote. Linux katika chama kidogo huwa na jina la mtu. Ni kijana fulani anayeipenda, anayejua amri zake, anayetunza maneno ya siri. Wakati yuko, kila kitu kinatembea. Akipata kazi Bukavu, au akiugua, au akikasirika na kamati, chama kinabaki na mashine sita ambazo hakuna anayezifungua. Na kama diski zimefungwa kwa siri ili mwizi asizisome, jambo ambalo sisi wenyewe tunalitaka kwa ajili ya orodha, basi neno la siri likipotea hakuna fundi duniani atakayezifungua.

Vijana walioleta pendekezo ni watu wema na wanajua kazi. Tunasema hivi kwa kuwaheshimu. Chama kisibebeshe mtu mmoja mzigo ambao ni wa wote.

Wengine walifanya nini

Tumeangalia watu wawili waliotutangulia, wakubwa kuliko sisi mara maelfu.

Wa kwanza ni mji wa München, Ujerumani. Halmashauri yake iliamua kuacha Windows mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufika mwaka 2013 karibu kompyuta 15,000 za mji zilikuwa na Linux. Lakini mwaka 2017 halmashauri ikaamua kurudi Windows. Wafanyakazi walilalamika juu ya faili walizopeana na ofisi zingine, programu za kazi maalumu zilibaki upande wa Windows, na viongozi walibadilika. Wenye kutetea Linux wanasema ilikuwa siasa. Wenye kuipinga wanasema ilikuwa kazi haiendi. Sisi tunachukua hili moja: mji wenye pesa na wataalamu ulilipa kwenda, halafu ukalipa kurudi.

Wa pili ni jandarmeri ya Ufaransa. Wao hawakuanza na sisteme. Mwaka 2005 walibadilisha programu ya kuandikia tu, wakatumia OpenOffice, ambayo ni mzazi wa LibreOffice. Mwaka uliofuata wakabadilisha programu ya intaneti, wakatumia Firefox. Watu walikaa katika Windows yao waliyoizoea, huku mikono inazoea programu mpya. Kuanzia mwaka 2008 ndipo wakaanza kuingiza Linux, kidogo kidogo. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao ziko nayo. Kwa jandarmu, siku ya kubadilisha sisteme, karibu kila kitu alichogusa kazini alikuwa amekwisha kukijua.

Sisi watu wa kurudi tunaelewa jambo hili bila kufundishwa. Boti za kutoka Kigoma zilipoanza kuleta watu Baraka Oktoba 2005, familia nyingi hazikupanda zote siku moja. Mtu mmoja alitangulia. Aliangalia kama shamba liko, kama shule iko, kama usiku watu wanalala. Ndipo akatuma habari kwa waliobaki kambini.

Tunachopendekeza

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechakaa, hiyo tumekubali. Lakini hatutautupa kabla ya kuulalia ule mwingine. Kamati inaleta mambo sita.

Moja. Hakuna mashine itakayoguswa kabla ya kufanya nakala mbili za faili zote kwenye diski za nje, moja ikae biro na nyingine mahali pengine penye usalama, zote zikiwa zimefungwa kwa neno la siri. Tena daftari la michango lichapishwe lote kwenye karatasi na kutiwa sahihi.

Mbili. Kwa miezi mitatu, Windows ibaki katika mashine zote, lakini tuweke LibreOffice ndani yake. LibreOffice inakubali kukaa katika Windows pia. Kila kinachokataa, iwe kibonye, fomu au ripoti, kiandikwe katika kaye moja kwa tarehe na jina la faili. Kwa muda huo mashine zile tano zipunguziwe intaneti: orodha ya wanachama ikae kwenye mashine isiyounganishwa kabisa.

Tatu. Mashine moja, ile ya chumba cha vijana, iwekewe Linux Mint baada ya kujaribiwa kwa flashi. Hiyo ndiyo itangulie kuona.

Nne. Mashine inayopita masharti ya Windows 11 ipandishwe na ibaki hivyo. Itakuwa ya kontable na ya fomu za wafadhili, na vijana watakuwa na siku zao za kujifunza Excel juu yake. Hatuoni haya kubaki na mguu mmoja kila upande.

Tano. Watu watatu wafundishwe, si mmoja. Mmoja angalau awe mama au dada. Wasitoke familia moja. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha iwekwe ndani ya sanduku. Munalijua sanduku la AVEC lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Tutalinda maneno ya siri kama tunavyolinda pesa, sababu siku hizi ni kitu kilekile.

Sita. Baada ya miezi mitatu tusome kaye mbele yenu, ndipo mupige kura juu ya mashine zilizobaki. Kipimo kiwe kimoja na kiwe wazi: daftari la michango litoe jumla ileile katika Excel na katika LibreOffice, mwanachama kwa mwanachama, na risiti itoke. Isipotoka, tunasimama hapo.

Mtu ameuliza: kama ni bure, mbona kuko bajeti? Programu ni bure. Diski za nje si bure, mega si bure, siku za mafunzo si bure, na mtu anayeacha shamba lake siku sita kujifunza anahitaji angalau chakula na tiketi ya pikipiki. Bajeti nzima tumeibandika kwenye ukuta wa biro. Ni ndogo sana mbele ya zile dola 2,135, lakini si sufuri, na hatutaki mtu aseme baadaye kwamba alidanganywa.

Kwa wafadhili wetu

Tuko na maombi matatu. La kwanza: mutume fomu zisizo na makro, au mukubali tujaze katika meza ya kawaida na kutuma pamoja na nakala ya PDF. Litawagharimu dakika chache, litatuokoa wiki. La pili: mukitaka kutusaidia katika jambo hili, saidieni mafunzo kabla ya mashine. La tatu, tunalisema kwa upendo: kabla ya kututumia kompyuta zilizotumika, tuulizeni. Ikiwa ni za Intel za chini ya kizazi cha 8, haziwezi kutusaidia kwa kazi zinazohitaji Windows 11, na nauli ya kuzileta hapa inaweza kupita thamani yake.

Kwa wanachama

Iwe Windows, iwe Linux, kuko kazi moja ambayo hakuna sisteme itaifanya mahali penu. Daftari likichapishwa, litakuwa wazi biro kila Jumanne na Ijumaa, asubuhi. Kila mwanachama aje na kadi yake, aangalie mstari wake peke yake pamoja na kesie: jina limeandikwa sawasawa? Michango ya mwaka huu iko yote? Majina ya watoto yako? Mwenye kesi ya shamba aangalie namba ya karatasi yake. Ukiona kosa, sema wakati huo, litarekebishwa kwa kalamu mbele yako, utatia sahihi. Mgonjwa na mzee asiyeweza kutembea, kamati ya kata itamfikia nyumbani.

Kosa lililo ndani ya daftari leo litahamia kwenye sisteme yoyote tutakayochagua, na huko litakuwa gumu zaidi kulipata. Kwa hiyo tusianze kuhama kabla kila mtu hajahesabu mizigo yake.

Maswali tunayapokea sasa, na wale wa mbali watuandikie kupitia kata zao.